Bi Mkasi na Dirisha la Saba

Jina la Bi Mkasi alipewa na wenzake wa ofisini, naye hakulikataa. Alikuwa ameitumikia Bodi ya Ukaguzi miaka ishirini na sita, tangu enzi za filamu za mikanda, wakati kukata kulikuwa kukata kweli. Unashika mkasi, unatoa busu, unaunga ncha mbili kwa gundi, na mapenzi yaliyoanza bustanini yanaibukia harusini bila mtu kujua yalipitia wapi. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Aliamini tu kwamba maneno na picha ni kama chakula cha wagonjwa: lazima awepo mtu wa kukionja kabla hakijapelekwa kitandani, na mtu huyo alikuwa yeye, mezani kwake, ghorofa ya tatu.

Halafu mkaguzi wa michezo ya kompyuta akastaafu. Faili zake zikahamishiwa kwa Bi Mkasi bila mwenyewe kuulizwa, pamoja na laptopu moja nzito na kidude cha kuchezea chenye vitufe vingi kuliko vidole vya binadamu. Alipolalamika kwamba hajawahi kucheza mchezo wowote wa kompyuta tangu azaliwe, Mkurugenzi alimwambia hiyo ndiyo sifa inayotakiwa, kwa sababu asiyeujua mchezo hawezi kuupendelea.

Tatizo lilikuwa Kanuni ya Tisa. Ilisema mkaguzi sharti aione kazi yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo atie saini. Kwa filamu hilo halikuwa na shida. Unakaa, na hata ukisinzia filamu inajimaliza yenyewe. Mchezo haujimalizi. Usipojua kuucheza, mwisho wake utausikia kwa majirani.

Wa kwanza kuletwa uliitwa Dirisha la Saba. Aliyeutengeneza alikuwa mwanamke mmoja aliyewahi kuchora ramani za nyumba kwenye kampuni ya ujenzi, na sasa alikuwa akifanya kazi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya duka la fundi cherehani. Ndani ya mchezo huo kuna ajuza ambaye vitabu vya serikali vimemwandika kuwa ni marehemu. Mwenyewe anajijua yu hai, ila hana karatasi ya kuthibitisha. Basi mchezaji anatakiwa ampitishe madirisha saba ya ofisi moja kubwa mpaka apate mhuri wa uhai. Dirisha la kwanza linataka fomu inayotolewa dirisha la pili, la pili linataka saini ya la kwanza, na ukizubaa kidogo pazia linashushwa, unarudi mwisho wa foleni. Hakuna bunduki, hakuna damu, hakuna mtu aliyevua hata kiatu.

Wiki mbili nzima Bi Mkasi hakuvuka dirisha la pili. Akibonyeza kitufe cha kutembea, ajuza anainama. Akibonyeza cha kuinama, ajuza anampa karani kisogo. Wenzake walianza kupita karibu na meza yake kwa visingizio vya kuazima kalamu. Mwisho akaamua kubeba laptopu nyumbani kwa kile alichokiandika katika daftari la kutokea kuwa ni “ukaguzi wa kina”, jambo ambalo kanuni hazikulikataza kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifikiria.

Nyumbani alikuwa akiishi na mamamkwe wake. Mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu wa kuonekana mara moja kwa mwezi akiwa na vumbi hadi kwenye kope, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya wanawake wawili. Mama huyo alikuwa ametumikia ubao wa simu miaka thelathini, zama zile za kuchomeka waya kwa mkono ili mtu azungumze na mtu. Magoti yalikuwa yamemgomea, lakini vidole vilikuwa vilevile. Jioni ya tatu, baada ya kumtazama mkwewe akimzungusha ajuza wa watu kama mtu anayesaga nafaka, alinyoosha mkono.

“Lete hapa, mwanangu. Unamchosha mwenzangu.”

Bi Mkasi alisita. Kazi ya Bodi ni siri. Lakini siri gani, naye hajafika nayo hata dirisha la tatu? Akampa.

Ilikuwa kama kumrudishia samaki maji. Mama alikosea mara mbili, ya tatu akapita dirisha la pili, na kesho yake, chai ikipoa pembeni, alikuwa la tano. Alimsimamisha ajuza katika foleni mbili kwa wakati mmoja kwa kuacha mkoba wake ushike nafasi katika mojawapo. Bi Mkasi alikaa kando yake na daftari, akiandika. Jioni ya tano wakafika dirisha la saba. Hapo alikuwepo bosi mkubwa, amelala fofofo kitini, na mchezaji alitakiwa kumwamsha. Mama alijaribu kukohoa, akajaribu kubisha, akamwangusha ajuza chini kwa kishindo. Wapi. Mwishowe aligundua kwamba ukimfanya ajuza ataje neno chakula, bosi ananyoosha mkono na kugonga mhuri bila kufumbua macho.

Bi Mkasi alicheka. Alicheka mpaka kalamu ikamdondoka, na alipoiokota alijishangaa, maana katika miaka ishirini na sita hakukumbuka kazi kumchekesha. Asubuhi yake akaandika ripoti: mchezo hauna matusi, hauna uchi, hauna umwagaji damu, unafaa kwa rika zote. Akatia saini kama siku zote, “kwa niaba ya Mkurugenzi”.

Mkurugenzi alitaka kuona mwisho tu. Alimtazama yule bosi akigonga mhuri usingizini, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“Huyu ni mimi?”

Kwa kweli wazo hilo halikuwa limempitia Bi Mkasi kichwani. Bosi wa mchezoni alikuwa mwembamba mwenye nywele tele. Mkurugenzi alikuwa na kitambi, na upara wake ulikuwa unaakisi taa ya dari. Akamweleza hivyo kwa nia njema.

“Ndivyo wanavyoficha,” alisema Mkurugenzi. Akaagiza barua iandikwe.

Sasa, kama kulikuwa na kitu Bi Mkasi alichokiweza kuliko mkasi, kilikuwa barua. Aliandika kwa uangalifu wa mtu anayepasua kuni karibu na kioo. Barua hiyo ya kwanza ilisema Bodi haioni sababu ya afisa kulala kazini, na kwa hiyo afisa huyo aondolewe. Mtengenezaji aliitwa ofisini kuipokea. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye penseli nyuma ya sikio. Aliisoma mara mbili.

“Aondoke yeye tu, mama?”

“Yeye tu.”

“Sawa,” akasema, akaikunja barua vizuri na kuaga.

Wiki mbili baadaye mchezo ulirudi, na kwa kuwa Kanuni ya Tisa ni ileile, ulibebwa tena nyumbani. Mama aliupokea kama mtu anayepokea mgeni aliyeahidi kurudi. Dirisha la saba halikuwa na bosi tena. Kulikuwa na kiti kitupu, na koti limetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Watu wote katika foleni walikuwa wakilitazama koti kwa heshima. Ajuza akiuliza mwenyewe yuko wapi, karani anajibu kwamba yupo, kwani haoni koti? Na ukingoja vya kutosha, karani anapenyeza mkono wake ndani ya mkono mtupu wa koti na kugonga mhuri.

“Hii ni nzuri kuliko ile,” alisema mama. “Yule aliyelala angalau alikuwepo.”

Safari hii Bi Mkasi alijua kuna shida kabla hajafika ofisini. Kila mtu katika jengo lile alilijua koti la Mkurugenzi. Lilikuwa la rangi ya kijivu, lilifika kazini mapema kuliko yeye na kuondoka baada yake, na wageni wengi wa Bodi walikuwa wamesubiri mbele yake kuanzia asubuhi hadi saa za kufunga. Bosi wa kwanza hakuwa Mkurugenzi hata kidogo. Huyu wa pili alikuwa yeye mtupu, na aliyempeleka pale mchezoni alikuwa yeye mwenyewe kwa agizo lake.

Hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Mkurugenzi alitazama, akageuka akalitazama koti lake, akageuka tena. Kisha akasema kiti na koti vyote vitoke. Bi Mkasi akaandika barua ya pili, yenye sentensi ambayo aliifikiria njia nzima akirudi kutoka chakula cha mchana: “Kiti kisichokaliwa kinaweza kuleta tafsiri.” Mtengenezaji aliisoma, akauliza kama chumba kinaweza kubaki. Akaambiwa chumba hakina neno.

Chumba kikarudi kitupu kabisa. Kuta nne, na mhuri umelala sakafuni. Foleni ilikuwa ndefu kuliko mwanzo. Watu waliingia mmojammoja, wakafuta viatu mlangoni, wakaamkia ukuta, wakatoka wakisema wameambiwa warudi Jumatatu. Mama alihangaika humo siku tatu. Kila ajuza akiinama kuuokota mhuri, wenzake wa foleni wanamzuia, wanamwambia amsubiri mwenyewe. Siku ya tatu mama alimfanya awaulize huyo mwenyewe ni nani. Walipoanza kubishana, ajuza akaokota mhuri na kujigongea.

Mama aliweka kidude chini. Kisha akasema kwamba aliyetengeneza kitu hiki amewahi kupanga foleni, tena siyo mara moja.

Ofisini mambo yalikuwa mazito. Kulala kazini ni aibu, alisema Mkurugenzi, na koti ni utani, lakini mwananchi kujigongea mhuri ni jambo jingine kabisa. Aliagiza mlango wa chumba ufungwe, asiingie mtu, na sababu ielezwe kwa lugha ya staha. Bi Mkasi alikaa na barua hiyo ya tatu siku mbili. Aliandika, akafuta, akaandika. Mwisho akaridhika. Barua ilisema mlango wa dirisha la saba ufungwe, na juu yake mwombaji ajulishwe kuwa “huduma ipo, ila haionekani”.

Mtengenezaji alipofika kwenye sentensi hiyo alisimamisha kidole. Akainua macho, akamtazama Bi Mkasi kwa muda, si kwa hasira.

“Mama, hii umeiandika wewe?”

“Imeandikwa na Bodi,” akajibu Bi Mkasi.

“Naweza kuitumia kama ilivyo?”

Bi Mkasi alisema ndivyo barua za Bodi zinavyotakiwa kutumiwa, kama zilivyo.

Mchezo uliporudi mara ya nne, dirisha la saba lilikuwa mlango uliofungwa wenye tangazo. Mama hakuyaona maandishi vizuri, akamwomba mkwewe amsomee. Bi Mkasi akavaa miwani. Hapo palikuwa na nembo ya kubuni, namba ya kumbukumbu, kisha maneno: “Afisa aondolewe. Kiti kisichokaliwa kinaweza kuleta tafsiri. Mwombaji anajulishwa kwamba huduma ipo ila haionekani.” Aliyasoma kwa sauti yake ya ofisini, kwa sababu ndiyo sauti iliyoyaandika.

Mama alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Alicheka akanyamaza, akakumbuka, akacheka tena. Kwenye kioo, ajuza alikuwa amesimama mbele ya tangazo. Ukimfanya alisome mpaka mwisho, alitikisa kichwa, akageuka, akatoka nje kwenye jua, akaenda zake nyumbani akiwa hai bila mhuri wa mtu. Na mchezo ulikuwa umeisha.

“Aliyeandika lile tangazo,” alisema mama, “ana kichwa kibaya sana. Mtu kama huyo ungependa ukae naye.”

Bi Mkasi alijifanya anatafuta kalamu. Kisha akasema polepole kwamba maneno yale aliyaandika yeye.

“Wewe?” Mama alimgeukia. “Miaka yote hii tunakula sahani moja, sikujua kumbe una mzaha.”

“Sikuwa natania, mama.”

Hilo lilimchekesha mama kuliko tangazo. Bi Mkasi aliondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Aliona haya, kama mtu aliyepigwa picha bila kujua. Lakini chini ya haya kulikuwa na kitu kingine, na ilimchukua sufuria mbili kukitambua: alikuwa anaona fahari. Maelfu ya maneno ya watu yalikuwa yamepita mikononi mwake, akayapunguza, akayalainisha, akayanyima pumzi. Hakuna hata moja la kwake lililowahi kumfanya mtu avue miwani.

Ofisini Mkurugenzi aliamua yaishe. Mchezo upigwe marufuku kabisa. Akamwita mwanasheria wa Bodi aandike amri. Mwanasheria, kijana wa sauti ndogo na tai kubwa, alisoma faili akaanza kukuna shavu. Alieleza kwamba mtengenezaji ametimiza kila agizo, herufi kwa herufi, na ameambatanisha barua zote tatu zenye mhuri. Maneno pekee yanayolalamikiwa sasa ni ya Bodi. Kuyapiga marufuku ni kutangaza kwamba barua za Bodi ni matusi kwa Bodi, na siku hizi, alisema akikohoa, watu wanakwenda mahakamani kwa kidogo.

Mkurugenzi alifikiri. Kisha akamwita Bi Mkasi, akafunga mlango, mwanasheria akiwa bado ndani, na kumpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema kwa upole kwamba njia ipo. Bi Mkasi atie saini maelezo mafupi kwamba hakuandika maneno yale, kwamba barua zake zilichezewa. Mtengenezaji atashughulikiwa kwa kughushi, mchezo utakufa, na cheo cha mkuu wa kitengo, ambacho Bi Mkasi alikuwa amekingoja miaka tisa, hakitakuwa na mgombea mwingine. Maelezo yalikuwa yameshachapwa. Kalamu ilikuwa juu yake.

Bi Mkasi aliyasoma. Uandishi ulikuwa mbovu. Neno moja lilirudiwa mara nne katika mistari mitatu. Alitamani kulirekebisha. Ndipo akaona kwamba kama angesaini, hiki kibovu ndicho kingekuwa chake, na kile kizuri kingekuwa cha mhalifu. Hakuwa amejiandaa kuwa shujaa, wala hakuvaa viatu vya kazi hiyo.

“Barua niliandika mimi, mkuu,” akasema. “Nukta na mkato, vyote vyangu.”

Mkurugenzi alimkumbusha kwamba alikuwa akiandika kwa niaba yake.

“Basi tumeandika wote wawili. Ila liko kosa moja. Baada ya ‘ipo’ niliweka mkato, naye hakuuweka. Huo ndio tunaoweza kumdai.”

Mwanasheria, aliyekuwa amesimama karibu na kabati, alishikwa na kikohozi kikali hadi akaomba ruhusa ya kutoka.

Hivyo Dirisha la Saba likapitishwa. Mkurugenzi, ili asionekane ameshindwa, aliamuru libandikwe maneno KWA WATU WAZIMA TU, na hapo ndipo alipomwaga petroli kwenye moto. Watu ambao hawakuwa na habari na michezo ya kompyuta walianza kuulizana kuna nini humo cha watu wazima. Wakatafuta uchi, wakakuta foleni. Kabla mwezi haujaisha, ukienda ofisi yoyote na karani akakwambia ngoja, aliye nyuma yako angekwambia taratibu kwamba huduma ipo, ila haionekani. Watu waliusema ule mkato bila kuambiwa. Mkurugenzi naye aliacha kutundika koti. Alilivaa kutwa nzima, jua lote lile, jasho likimtoka, ili mtu asije akaliona liko peke yake.

Bi Mkasi alihamishiwa masijala, chumba cha chini kisicho na dirisha, kupanga barua za zamani. Cheo alipewa mmoja wa wenzake waliokuwa wakija kuazima kalamu. Mumewe aliporudi na vumbi lake na kusikia yote, aliuliza kama imemuuma. Akasema imemuuma, hasa ngazi, na kwamba huko chini taa zinawaka moja kati ya tatu.

Mtengenezaji alimfuata hukohuko masijala siku moja, penseli nyuma ya sikio. Alisema anaanza mchezo mwingine, kuhusu hospitali ambayo dawa zake zote zina mlinzi na wagonjwa hawana daktari, na anahitaji matangazo ya ukutani yasomeke kama yametoka serikalini kweli. Yeye mwenyewe hawezi. Akiandika, yanatoka kama mzaha. Bi Mkasi alisema atalifikiria. Mtengenezaji alipofika juu ya ngazi, Bi Mkasi alikuwa ameshageuza bahasha kuukuu na kuanza.

Aliandika wiki mbili, saa za chakula cha mchana, kurasa tatu. Hakuwahi kuipenda kazi ya mikono yake kama alivyozipenda zile kurasa. Akazipeleka mwenyewe hadi nyuma ya duka la fundi cherehani. Mtengenezaji alizisoma akitabasamu, akasema ni nzuri sana, kisha akachomoa penseli na kuanza kukata. Alikata ukurasa wa kwanza nusu. Wa pili aliuacha na mistari minne. Wa tatu aliuweka pembeni wote.

Bi Mkasi aliifuata penseli kwa macho. Aliuliza kwa nini. Mtengenezaji akamjibu kwamba mengine yanajirudia, na mengine yanaeleza kile ambacho mchezaji ameshakiona. Bi Mkasi akasema huo ni uonevu. Akasema kila neno lilikuwa na sababu yake, kwamba mtu hawezi kuingia katika kazi ya mwenzake na kuifyeka namna hiyo, kwamba mstari wa sita ndio moyo wa tangazo lote na aliyeukata hakuusoma. Aliyasema hayo kwa sauti kubwa kiasi kwamba cherehani upande wa pili ilisimama.

Mtengenezaji alimsikiliza hadi akamaliza. Kisha akavuta kiti kingine, akaurudisha mstari wa sita, na wakaanza kubishania wa saba.